Nepi za Kitambaa: Lakini Ni Nani Atakayezifua?



Msomaji mpendwa, wiki hii tunaandika juu ya jambo ambalo aghalabu halizungumzwi barazani, nalo ni jambo la nepi. Sisi ni mke na mume, wakazi wa Ukunda, ambao Mwenyezi Mungu alituruzuku mtoto wa kiume mwanzoni mwa kaskazi, mwaka juzi. Maneno haya tumeyaandika pamoja, tukisomeana na kusahihishana; ndiyo maana tunasema "sisi". Palipo na haja ya kutenganisha, maana katika jambo hili tulitengana kweli kweli, tutasema Baba na Mama.

Huenda msomaji akadhani kwamba aliyetaka nepi za kitambaa ni Mama, na aliyekataa ni Baba. Haikuwa hivyo. Aliyetaka ni Baba, tena kwa hoja nzuri, na aliyekataa ni Mama, kwa hoja nzuri zaidi. Kisa chetu ni cha jinsi hoja hizo zilivyokutana, na jinsi nusura zituvunjie maelewano ya nyumba kabla hazijatuletea faida.

Chanzo cha neno

Mtoto alizaliwa Msambweni, tukarudi naye nyumbani Ukunda, akafanyiwa akika siku ya saba. Bibi yake mzaa mama akaja kukaa nasi arubaini nzima. Katika siku hizo nyumba huwa na watu, huwa na uji wa pilipili manga na maji ya moto ya kumkanda mzazi, wala hapana anayehesabu kitu. Nepi za kutupa, ambazo sote huziita Pampers hata zikiwa za kampuni nyingine, ziliingia nyumbani kama zawadi. Jirani alileta pakiti, wifi akaleta pakiti, na wafanyakazi wenzake Baba kule hotelini Diani wakachanga wakaleta katoni.

Arubaini ilipokwisha, zawadi nazo zilikwisha. Tukaanza kununua nepi moja moja katika duka la mtaani, kama wafanyavyo wengi, kila moja kwa shilingi 20. Shilingi 20 si fedha ya kumtisha mtu anapoitoa. Humtisha baadaye anapokaa akaijumlisha. Haba na haba ilikuwa ikijaza kibaba, ila kibaba chenyewe kilikuwa cha muuza duka.

Hata hivyo si fedha iliyotuamsha. Alfajiri moja Baba alipokuwa akirudi msikitini, aliwakuta mbwa wamelichana gunia la taka nyuma ya nyumba. Nepi za mtoto wetu zilikuwa zimetawanyika kutoka kwenye ua wetu mpaka katika njia ya watu waendao kuswali. Alizikusanya moja moja, kanzu ameikunja, huku majirani wakipita na kumtolea salamu. Baba asema kwamba siku hiyo aliitikia salamu zote bila ya kuinua uso.

Asubuhi ile ile akatamka: "Mke wangu, turudi kwenye nepi za kitambaa, kama walivyolelewa wazee wetu."

Mama akamjibu kwa neno moja: "Hapana."

Hapana ya Mama

Neno hilo lilikuwa na sababu nne, na tunazitaja zote kwa kuwa tunaamini zimo katika nyumba nyingi za Kwale.

Ya kwanza ilikuwa kazi. Baba hutoka nyumbani saa kumi na mbili unusu asubuhi, na hurejea jua likishazama. Nepi saba au nane kwa siku, kila moja na uchafu wake, zingefuliwa na nani? Swali hilo halikuhitaji jibu, kwa kuwa jibu lake lilijulikana.

Ya pili ilikuwa maji. Kisima tunachokitumia kina chumvi, na sabuni haitoi povu vizuri ndani ya maji yake. Maji matamu huyanunua kwa mtungi wa lita 20, na kiangazi kikizidi, mkokoteni wa maji huchelewa na bei hupanda.

Ya tatu ilikuwa twahara. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na tunaswali katika hicho hicho tunacholala. Mama alisema kwamba nepi ya kutupa, pamoja na aibu zake zote, huondoka na najisi yake. Nepi ya kitambaa hubaki nyumbani, ndani ya ndoo, karibu na msala.

Ya nne ilikuwa heshima. Nepi za vitambaa zikianikwa kambani, mtaa mzima huziona. "Watasema mume wangu ameshindwa kumnunulia mwanawe nepi," alisema. Na katika mji ambao kila mtu anajua hoteli zinapojaa na zinapofungwa, maneno kama hayo hayakawii kuenea.

Ilikuwapo na sababu ya tano, lakini hiyo Mama hakuitamka, na Baba hakuiuliza.

Makosa ya Baba

Baba alifanya wafanyavyo watu wengi wanapokataliwa: alizidisha maneno. Usiku mmoja alileta hesabu. Usiku wa pili alileta habari za mazingira. Usiku wa tatu alieleza historia: kwamba nepi hizi za kutupa si za tangu na tangu; kwamba kule Marekani mama mmoja, Marion Donovan, alikata pazia la bafu mwaka 1946 akashona kifuniko cha nepi kisichopitisha maji; na kwamba Pampers wenyewe walianza kuuzwa na kampuni ya Procter & Gamble mwaka 1961 tu. Kabla ya hapo, alisema, watoto wengi walilelewa kwa vitambaa, na huku kwetu kwa winda zilizopasuliwa kutoka katika leso kuukuu.

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini mwanamke aliyeamka mara nne usiku kunyonyesha hahitaji kusomewa historia ya pazia la bafu.

Kosa kubwa likaja mwisho wa mwezi. Baba alipokea mshahara, akapitia Mombasa, akarudi na boksi: nepi 12 za taulo, vifuniko 6 vya kisasa visivyopitisha maji, pini kubwa, na ndoo yenye kifuniko. Aliliweka boksi mbele ya Mama kama mtu aletaye zawadi ya sikukuu. Mama alilitazama, akasema: "Umeninunulia kazi kwa fedha zako, kisha wangoja nikushukuru."

Boksi likasukumwa chini ya kitanda, likakaa huko wiki tatu. Katika wiki hizo tulizungumza ya lazima tu: maji yameletwa, mtoto amelala, chakula kiko mezani. Tunaliandika hili bila ya kulipunguza, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba ugomvi wa nyumba huletwa na mambo makubwa. Wetu uliletwa na ndoo yenye kifuniko.

Safari ya Msambweni

Siku ya mapumziko Baba alikwenda Msambweni kumtembelea mavyaa yake. Alikwenda kwa heshima, na pia kwa hila kidogo: alitumaini kwamba mama aliyelea watoto saba kwa winda za leso angemuunga mkono. Akaeleza shauri lake tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi alimsikiliza akipepeta mchele, alipomaliza akacheka.

"Mwanangu," akamwambia, "katika hayo yote, wewe umebeba lipi? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Kisha akamweleza lile ambalo Baba hakuwa akilijua. Mama ndiye kifungua mimba wake. Tangu alipokuwa na umri wa miaka minane, ndiye aliyekuwa akizichukua winda za wadogo zake kisimani kila asubuhi kabla ya chuo, na nyingine kila alasiri baada ya shule. Msimu wa kusi, mvua ikinyesha, vidole vyake vilichunika kwa sabuni na magadi. Siku moja alichelewa chuoni, wenzake wakamziba pua, wakacheka. Tangu hapo aliapa kwamba watoto wake yeye hawatavaa winda.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya tano. Baba alirudi kwa matatu, na njia nzima kutoka Msambweni hadi Ukunda hakufungua simu yake.

Usiku ule hakuleta hoja. Aliomba radhi kwa kununua bila ya kushauriana, kisha akauliza: "Je, mimi nikizifua?"

Mama hakuamini. Akaweka masharti yake. Baba atafua kila siku, baada ya swala ya alfajiri na kabla ya kwenda kazini, kwa mwezi mmoja. Akiacha siku mbili mfululizo pasipo udhuru wa ugonjwa au safari, boksi litapewa jirani. Usiku, na siku ya safari, mtoto atavaa nepi ya kutupa. Na mwisho wa mwezi, Mama ndiye atakayeamua.

Mwalimu wetu wa darsa alipopata habari za makubaliano hayo, alitukumbusha aya ya 233 ya Suratul Baqara, ambamo Mwenyezi Mungu anataja unyonyeshaji na kumwachisha mtoto ziwa, akalifungamanisha jambo hilo na kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kunahitaji shauri la pande mbili, alisema, basi na kile kinachotoka upande wa pili wa mtoto kinahitaji vivyo hivyo. Tulicheka, lakini neno lilituingia. Akatukumbusha pia riwaya ya Bi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari: alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ulipofika, alitoka.

Suala la twahara

Hatukulianza jambo mpaka tulipoiuliza hukumu yake, kwa kuwa hofu ya Mama ilikuwa ya haki. Tunaeleza hapa kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani. Mwenye swali zaidi na amwendee mwalimu wake.

Mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili, na ambaye hajala chakula cha kumlisha zaidi ya maziwa, ni najisi hafifu. Hutosha kuunyunyizia maji mpaka yaenee mahali pote ulipofika. Asili yake ni hadithi ya Ummu Qays bint Mihsan, iliyopokewa na Bukhari na Muslim: alimpeleka mwanawe mchanga kwa Mtume, mtoto akakojoa juu ya nguo ya Mtume, naye akaitisha maji akayanyunyizia. Mkojo wa mtoto wa kike huoshwa, na wa kiume vilevile akishaanza kula. Kinyesi, cha yeyote awaye, huondolewa kwanza, kisha mahali pake huoshwa.

Liko jambo moja ambalo wengi hulisahau. Maji machache yakiingiwa na najisi, nayo hunajisika. Ukiitumbukiza nepi yenye najisi ndani ya beseni, maji yote ya beseni huwa na najisi, na nguo nyingine zilizomo pamoja nayo. Kwa hiyo kufua kwa sabuni ndani ya beseni ni kwa ajili ya usafi. Twahara hupatikana mwisho, uchafu ukishaondoka, kwa kuimiminia nepi maji safi kutoka juu na kuikamua. Mtungi mdogo au kopo lenye mdomo hutosha. Tulipolifahamu hili, ile ndoo haikumtisha Mama tena. Tuliiweka uani, mbali na msala, na nepi safi zikapata kikapu chao peke yake.

Namna tunavyofanya

Nepi ikichafuka, kinyesi hukung'utwa chooni, si kichakani wala shimoni nyuma ya nyumba. Wapo wasemao kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Hilo si kweli, kwani hubeba magonjwa ya kuhara kama cha mtu mzima. Kisha nepi husuuzwa kwa maji ya kisima, hata yakiwa ya chumvi, hukamuliwa, na huwekwa katika ndoo yenye kifuniko hadi asubuhi. Hatulazi nepi ndani ya maji usiku kucha, kwa kuwa maji yaliyosimama hunuka, na ndoo yenye maji ni hatari kwa mtoto aliyeanza kutambaa.

Asubuhi hufuliwa kwa sabuni ya mche na maji matamu, husuuzwa mara mbili, na mara ya mwisho humiminiwa maji kama tulivyoeleza. Sabuni isipotoka vizuri, ngozi ya mtoto huwashwa. Vilainishi vya nguo vyenye manukato havifai, kwa sababu hukifanya kitambaa kisinyonye maji. Nepi mpya nazo hufuliwa mara kadhaa kabla ya kuvishwa, ndipo zinaponyonya vizuri.

Hatufulii kando ya kisima. Sehemu kubwa ya Ukunda na Diani imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo hupitisha maji upesi. Ukimwaga maji machafu mdomoni mwa kisima, kesho utayanywa, au atayanywa jirani yako.

Jua la pwani ndilo mshirika mkubwa. Nepi za taulo zikianikwa saa moja na nusu asubuhi, adhuhuri zimekauka. Lakini kuna tahadhari: yuko inzi ambaye hutaga mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia katika ngozi ya anayezivaa. Nguo iliyokauka barabara juani, au iliyopigwa pasi yenye moto mzuri, humkinga mtoto. Sisi hupiga pasi nepi zote msimu wa mvua, kwa pasi ya makaa.

Mtoto hubadilishwa kila baada ya saa mbili au tatu, na mara moja akienda haja kubwa. Nepi ya kitambaa haifichi unyevu kama ile ya kutupa, akilowa hulia. Mwanzoni hilo lilituudhi, baadaye tukaliona kuwa ni heri, kwa kuwa vipele vya mapajani vilipungua. Vipele vikizidi au vikitoa maji, mahali pake ni kliniki, na hapo hapana ubishi wa nepi ipi ni bora.

Hesabu bila ya kujidanganya

Baba katika hesabu zake za kwanza hakuhesabu maji wala sabuni, na Mama alimkamata hapo. Hii hapa hesabu tuliyokubaliana, kwa bei za mtaani kwetu.

Nepi za kutupa zilikuwa 6 kwa siku, kwa shilingi 20 kila moja: shilingi 120 kwa siku, au 3,600 kwa mwezi. Kwa upande wa kitambaa, mitungi mitatu ya maji kwa siku, kwa shilingi 10 kila mmoja, ni shilingi 900 kwa mwezi. Sabuni na makaa ya pasi, shilingi 400. Nepi moja ya kutupa kila usiku, shilingi 600. Jumla ni 1,900. Tulichookoa kwa mwezi, basi, ni shilingi 1,700.

Boksi lote lilituondolea shilingi 6,800: nepi za taulo 1,800, vifuniko 4,200, ndoo na pini 800. Kwa hiyo ilichukua miezi minne kurudisha gharama, na baada ya hapo ndipo faida ilipoanza. Nepi nyingine kumi tulizishona kwa leso kuukuu za Bibi, na hizo hazikutugharimu kitu. Mwenye maji ya bomba atapata faida zaidi. Mwenye kununua mtungi kwa bei ya juu atapata kidogo, na huenda asipate kabisa. Tunasema hivi ili asitokee mtu akamshurutisha mwenzake kwa hesabu yetu.

Taka zetu na bahari yetu

Sote twakumbuka tarehe 28 Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Marufuku ile iligusa mifuko, nepi haikuigusa. Nayo nepi ya kutupa ina plastiki ndani na nje, na chembe zile zinazovimba zikinyonya mkojo hazitokani na pamba. Mtaani kwetu njia zake ni tatu: huchomwa, na moshi wake hauvutiki, hutupwa chooni, na shimo hujaa kabla ya wakati wake, au huachwa jalalani, na mbwa na mvua za masika hufanya yaliyobaki. Maji ya masika yakishuka hayana pengine pa kwenda ila baharini. Huko ndiko anakotegemea riziki mvuvi wa Gazi na wa Shimoni, na ndiko watalii wanakokuja kutazama, ambao mshahara wa Baba unatoka kwao.

Hata hivyo, kitambaa nacho hakina baraka ya bure. Mwaka 2008 idara ya mazingira ya Uingereza ilitoa utafiti uliolinganisha aina hizi mbili kwa mtoto mmoja katika miaka miwili na nusu. Hewa chafu inayopasha dunia joto ilikaribiana: kama kilo 550 kwa nepi za kutupa, na kilo 570 kwa za kitambaa. Sababu ilikuwa maji ya moto na mashine za kukaushia nguo. Lakini waliofua nepi nyingi kwa pamoja, wakaanika kambani, na wakazitumia tena kwa mtoto wa pili, walipunguza kama kilo 200. Kwa maneno mengine, nepi ya kitambaa huwa bora ikifuliwa kwa njia ambayo sisi wa pwani tunayo tangu asili: kwa mkono, kwa kamba na kwa jua.

Maneno ya watu

Wiki ya kwanza Baba alianika nepi kungali giza. Wiki ya pili alichelewa, jua likamkuta kambani, na majirani wakamwona. Kufikia Ijumaa habari zilishaenea. Mmoja alisema barazani kwamba bwana yule amelishwa limbwata. Mwingine alimuuliza uso kwa uso kama mkewe ni mgonjwa.

Baba akajibu: "Si mgonjwa. Mtoto ni wetu sote wawili."

Haikuwa rahisi kama inavyosomeka. Siku ya kumi na saba alirudi kazini usiku wa manane, akalala kupita alfajiri, ndoo ikabaki. Siku ya kumi na nane mvua ilinyesha. Alitoka akafua chini ya mvua, leso ya Mama kichwani, kwa kuwa sharti lilikuwa siku mbili mfululizo. Mama alimtazama dirishani. Asema kwamba hapo ndipo alipoamua, ingawa hakumwambia mpaka mwezi ulipotimia.

Masika yalipokolea tulishindwa kwa muda. Nepi hazikukauka, tukarudi kwenye za kutupa kwa wiki mbili. Hatukuona haya. Jua lilipotoka tukaendelea. Na Mama, bila ya kuombwa, akaanza kusaidia: Baba akifua, yeye huanua na kukunja. Kambani na kisimani hakurudi kwa lazima. Alirudi kwa hiari yake, na baina ya mambo mawili hayo kuna tofauti ya maisha mazima.

Kwa wenye shauri kama hili

Kwa mwenye kutaka kumvuta mwenzake katika jambo hili, tuna machache. Usinunue kabla ya kushauriana. Uulize sababu ya hapana, kisha uulize tena, maana sababu ya kwanza si lazima iwe ndiyo yenyewe. Hesabu maji na sabuni. Anza na nepi chache za mchana tu. Weka muda wa majaribio, na ukubali kwamba jibu la mwisho laweza kuwa hapana. Na zaidi ya yote, ubebe wewe ule mzigo unaousifu. Ukiona huwezi kuubeba kwa mwezi mmoja, basi usimwombe mwenzio aubebe kwa miaka miwili.

Mtoto wetu sasa anakwenda msalani mwenyewe, alhamdulillahi, na nepi zilifuliwa kwa mara ya mwisho zikarudishwa katika boksi lile lile. Tunatarajia mwingine mwisho wa kaskazi hii, inshallah. Juzi Mama alilitoa boksi chini ya kitanda, akazihesabu nepi moja moja, akamwita Baba. Alitaka jambo moja tu: kamba ya uani iongezwe urefu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu masikilizano, na azijaalie nguo zetu na nyoyo zetu ziwe twahara. Wabillahi tawfiq.